Kichwa cha Chambo Kinafumuka: Tafuta Kosa Kabla ya Kuongeza Gundi

Chambo cha manyoya, yaani ndoana iliyofungiwa manyoya kwa uzi, kikifumuka majini, mkono unakimbilia chupa ya gundi. Mtu anaongeza tone, safari inayofuata anaongeza mawili, na mwisho kichwa cha chambo kimekuwa bonge la plastiki na bado uzi unachomoka. Iwe unafunga chambo cha kurambazia, yaani cha kukokotwa nyuma ya boti, kwa ajili ya nguru na kolekole nje ya Kigamboni, au mshipi wenye ndoana ndogo za manyoya ya kuku kwa ajili ya vibua, mara nyingi kosa haliko kwenye gundi. Liko kwenye uzi, kwenye fundo, au kwenye mafuta yaliyobaki juu ya ndoana. Uzi uliokazwa ndio unaoshika. Kazi ya gundi ni kuuzuia uzi huo usilegee, na kuukinga na meno, mwamba na maji ya chumvi.

Kwa hiyo chambo kilichoharibika usikitupe. Kipeleke penye mwanga, kichokonoe kwa ncha ya sindano, usome kilichotokea. Uzi uliokatwa na jino au mwamba una ncha iliyochanika, nyuzinyuzi zimetawanyika. Uzi uliofunguka wenyewe una ncha safi, ileile uliyoikata kwa mkasi, na bado umejikunja kufuata umbo la ndoana. Hapo fundo ndilo lililoachia. Na kama mizunguko yote ipo, haijaachana, ila kichwa kizima kinazunguka ukikibana kwa kucha, basi kilichoshindwa ni mshiko kati ya uzi na chuma. Kila hali ina dawa yake, na katika hali mbili kati ya hizo kuongeza gundi juu hakusaidii chochote.

Kichwa kinafumuka baada ya samaki mmoja au wawili

Hili ndilo lalamiko kubwa, na ndilo lenye sababu nyingi, kwa hiyo nalipa nafasi.

Anza na fundo. Wengi humaliza kichwa kwa vitanzi vya moja moja, kimoja juu ya kingine, kisha wanaweka gundi na kutulia. Vitanzi hivyo vinategemea cha mwisho. Kikilegea hicho, kinachofuata nacho kinalegea, na chambo kinachomoka kama soksi. Fundo linalofaa ni lile linalozika ncha yake lenyewe: unatengeneza kitanzi kimoja kikubwa, unakizungusha juu ya ncha ya uzi mara tano, kila mzunguko ukilala ubavuni mwa mwenzake, kisha unavuta taratibu mpaka kitanzi kinapotelea chini ya mizunguko. Rudia mara ya pili juu ya lile la kwanza. Kuna kifaa cha waya cha kufanyia kazi hiyo, lakini vidole viwili vinatosha, na anayeijua kwa vidole hahitaji kusubiri mzigo kutoka nje.

Kipimo cha fundo ni hiki. Funga chambo kimoja bila gundi yoyote. Kata uzi, kisha sugua kichwa kwa ukucha wa kidole gumba, mbele na nyuma, kwa nguvu ya kutosha kuumiza kidole. Kikifumuka, gundi isingekiokoa, ingechelewesha tu. Kikivumilia, ndipo kinastahili gundi.

Fundo likiwa zuri na bado kichwa kinaachia, angalia mkazo. Uzi unatakiwa kuvutwa mpaka karibu na kukatika, si mpaka pale unapoona umeshika. Njia ya kujua mpaka huo uko wapi ni kuukata uzi kwa makusudi: funga ndoana tupu kwenye jiliwa, zungusha uzi, vuta mpaka ukatike, rudia mpaka mkono ukumbuke. Ukishajua unapokatikia, unafanya kazi chini kidogo ya hapo. Mikono yenye jasho, na jasho hapa kwetu halikosekani kuanzia Desemba mpaka Machi, huteleza kwenye uzi na kukudanganya kwamba umekaza. Weka kitambaa kikavu karibu, futa vidole kabla ya mizunguko ya mwisho.

Kisha angalia kilichomo ndani ya kichwa. Kikonyo cha unyoya wa kuku ni kigumu, kinateleza, na kina umbo la duara lililobonyea. Uzi ukikazwa juu yake unakaa mgongoni na kutaka kushuka pembeni. Kibane kikonyo kwa koleo ndogo mpaka kibapatike kabla ya kukifunga. Mabaki ya vikonyo yakatwe kwa mshazari, yasikatwe wima, ili kichwa kishuke kidogo kidogo kuelekea kwenye tundu la ndoana. Yakikatwa wima yanaacha ngazi, na uzi unaofungwa juu ya ngazi utashuka tu siku moja. Manyoya yenyewe yawe yameoshwa kwa sabuni ya unga na kukaushwa kivulini. Ya kuku aliyechinjwa jana yana mafuta, na mafuta hayashikani na gundi ya aina yoyote.

Baada ya hayo yote ndipo tunaifikia gundi, na hapa kosa la kawaida ni kuiweka mara moja tu, mwishoni, juu. Gundi ya juu peke yake ni ganda. Jino la mzia likilivunja ganda hilo, chini yake kuna uzi mkavu. Gundi inayofanya kazi ni iliyoingia katikati ya mizunguko. Ninavyofanya mimi: nazungusha uzi kwenye ndoana tupu kwanza, mzunguko kando ya mzunguko, nadondoshea tone dogo la supagluu ya majimaji, kisha nafunga manyoya juu ya uzi huo. Nikifika kichwani, kabla ya fundo la mwisho, napaka gundi kwenye uzi wenyewe, urefu wa kama sentimita mbili kutoka kwenye ndoana, halafu nazungusha fundo mara moja kabla haijashika. Kwa njia hiyo gundi inaingia pamoja na uzi mpaka ndani ya fundo. Inataka wepesi. Ukiwa bado unajifunza fundo, tumia rangi ya kucha isiyo na rangi badala ya supagluu kwenye hatua hii. Inakupa muda wa kukosea na kurudia.

Kijana mmoja pale soko la samaki la Feri alinionyesha chupa yake akilalamika. "Kaka, supagluu za siku hizi feki. Ona, inamwagika kama maji."

"Mdogo wangu, hiyo ya maji ndiyo tunayoitaka. Lete chambo chako hapa."

Uzi wake ulikuwa mweupe, wa cherehani. Tone lilipogusa kichwa, weupe ukaanza kupotea kuanzia pale lilipotua, ukaenda ukizunguka mpaka nyuma, uzi ukawa kama kioo, na rangi ya ndoana ikaonekana chini yake. Hiyo ndiyo dalili ya kutafuta kila unapoweka gundi: uzi ubadilike rangi. Ukibadilika, gundi imeingia. Tone likikaa juu limesimama kama tone la mvua kwenye jani la mgomba, halijaingia popote, na likikauka hapo litabanduka zima. Sababu zake huwa mbili: ama gundi ni nzito, ya jeli, ambayo imetengenezwa isitiririke, ama uzi umepakwa nta nyingi. Nta ya nyuki au ya mshumaa inasaidia uzi usiteleze wakati wa kufunga, sina ugomvi nayo, ila ile mizunguko ya mwisho ya kichwa ifungwe kwa uzi usio na nta.

Uzi wenyewe, kabla hatujaendelea

Maduka ya vifaa vya ushonaji Kariakoo yana uzi wa kila namna, na si kila uzi unapatana na gundi. Poliesta ndiyo chaguo langu kwa bahari. Karibu hainywi maji: katika hali ya kawaida ya hewa hubeba unyevu wa takriban asilimia 0.4 ya uzito wake, wakati nailoni hubeba karibu asilimia 4. Nailoni ikilowa inatanuka na kupoteza sehemu ya nguvu yake, kwa hiyo kichwa kilichokazwa vizuri mezani kinaweza kulegea majini kabla samaki hajakigusa. Poliesta pia huvumilia jua kuliko nailoni. Poliesta ya kawaida ya cherehani, ile yenye manyoyamanyoya ukiitazama kwa karibu, hunyonya gundi vizuri sana lakini hujaza kichwa haraka. Inafaa ndoana kubwa za nguru. Kwa ndoana ndogo za vibua tafuta poliesta laini inayong'aa, ambayo nyuzi zake zimenyooka bila kukatika.

Wapo wanaotumia mshipi wa kusokotwa wa polithini kwa sababu ni mwembamba na haukatiki. Haukatiki kweli, lakini supagluu haishikani na polithini. Ndiyo maana hata vichupa vya supagluu vyenyewe hutengenezwa kwa plastiki ya jamii hiyo. Gundi itajaza nafasi kati ya mizunguko na kukauka hapo, ila uzi wenyewe utabaki unateleza ndani yake. Ukiutumia, ongeza mizunguko ya fundo, na funika kichwa chote kwa epoksi, ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa.

Uzi wa pamba una hatari yake. Supagluu ikikutana na pamba nyingi kwa mara moja hutoa joto kali, linaloweza kutoa moshi na kuunguza ngozi. Uzi mmoja wenye tone moja hautakudhuru, lakini kamwe usifute supagluu iliyomwagika kwa pamba ya hospitali wala kwa fulana uliyovaa. Tumia karatasi ngumu au kipande cha mfuko wa nailoni. Na kama una watoto wanaokuja kuchungulia mezani, hili ndilo la kuwaambia kwanza.

Kichwa kizima kinazunguka kwenye ndoana

Fundo liko imara, gundi imekauka, lakini manyoya yaliyokuwa juu sasa yako ubavuni. Ndoana mpya hupakwa mafuta ili zisipate kutu dukani. Zifute kwa spiriti ya hospitali au dawa ya kufutia rangi ya kucha yenye asetoni, ziache zikauke, na usiziguse tena kwa vidole sehemu ya kufungia. Ndoana za bahari zilizopakwa bati ni laini kuliko zile nyeusi, kwa hiyo kwazo uzi wa msingi ni wa lazima: usifunge kamwe manyoya juu ya chuma kitupu. Zungusha uzi kwenda, urudi juu yake, weka tone, subiri likauke, kisha ndipo kazi ianze.

Wanaofunga chambo chenye macho ya chuma watalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Mtindo wa Clouser Minnow, uliobuniwa na Bob Clouser wa Pennsylvania, Marekani, katika miaka ya 1980, hutumia macho mawili mazito yaliyounganishwa, yanayofungwa juu ya ndoana ili chambo kizame na kuinuka kila unapovuta. Unanasa samaki vizuri sana kwetu, ila macho yale hupinda na kuzunguka yakigonga mwamba. Wengi wanamwaga gundi juu ya macho. Dawa iko chini yake: tengeneza vinundu viwili vya uzi kwenye ndoana, macho yakae katikati. Funga kwa alama ya kuzidisha, mara nyingi upande huu na mara nyingi upande ule, kisha zungusha uzi kwa mlalo, chini ya macho na juu ya ndoana, ukivuta kwa nguvu. Mizunguko hii ya mlalo ndiyo inayobana ile ya alama ya kuzidisha. Jaribu kuyageuza macho kwa vidole. Yakigoma, weka supagluu ya maji kwenye maungio, na uache yakauke kabla ya kufunga manyoya.

Kichwa kimepata ukungu mweupe

Huu hauna madhara makubwa, ila unaudhi. Supagluu haikauki kwa kupoteza maji kama gundi ya karatasi. Inashika kwa kukutana na unyevu, hata ule mdogo ulioko hewani na juu ya vitu. Harry Coover wa kampuni ya Kodak aliikuta mwaka 1942 akiwa anatafuta plastiki angavu ya vioo vya kulengea bunduki, akaiacha kwa sababu ilinata kila kitu. Mwaka 1951 yeye na Fred Joyner waliirudia, na mwaka 1958 ikaingia sokoni. Sasa, unyevu ukiwa mwingi, kama ulivyo Dar es Salaam wakati wa masika, mvuke wa gundi unashika ukiwa bado hewani na kutua juu ya kichwa kama unga. Gundi nyingi hutoa mvuke mwingi, kwa hiyo dawa ya kwanza ni kupunguza tone. Ya pili ni hewa: fungua dirisha, usikaushie chambo ndani ya kopo au boksi lililofungwa. Ukungu ulioshatokea unafunikwa kwa tabaka moja la rangi ya kucha au epoksi na hauonekani tena.

Rangi ya kucha nayo hupata ukungu wake katika siku za mvua, kwa sababu nyingine. Vimiminika vyake vikipaa haraka vinapoza uso wa rangi, na unyevu wa hewani unagandia hapo. Ukiielekezea feni ndiyo unazidisha. Paka tabaka jembamba na uliache lenyewe.

Manyoya yamekakamaa

Chambo kikiwa kikavu kinaonekana kizuri, ukikitia majini kinakwenda kama kijiti. Gundi imepanda. Nafasi ndogo kati ya nyuzi za unyoya huvuta kimiminika kama utambi unavyovuta mafuta, na gundi nyembamba husafiri mbali kuliko unavyoweza kuona. Usiminye chupa moja kwa moja juu ya kichwa. Dondosha gundi kidogo juu ya kipande cha plastiki, ichovye kwa ncha ya sindano, na uiguse kwenye uzi upande wa tundu, mbali na manyoya. Kichwa kielekee chini wakati huo na dakika chache baadaye, ili gundi ishukie mbele. Manyoya yarudishwe nyuma kwa vidole, au kwa kipande cha mrija wa soda ulichokivika juu yake.

Yaliyokwisha kukakamaa kwa supagluu yanaweza kulainishwa kwa asetoni, lakini asetoni hiyohiyo italegeza na kichwa. Kwa unyoya mmoja wa kuku haina maana. Kata uzi kwa wembe, okoa ndoana, anza upya.

Gundi inanata na haikauki

Hapa lazima ujue ni gundi gani.

Kama ni supagluu, umeweka nyingi. Inashika vizuri ikiwa nyembamba sana. Tone kubwa linaweza kuganda juu likabaki bichi ndani kwa saa nyingi.

Kama ni epoksi ya mirija miwili, ama vipimo havikuwa sawa, ama hukuichanganya vya kutosha. Minya mistari miwili ya urefu mmoja na unene mmoja, kandokando, juu ya plastiki, kisha changanya dakika nzima ukikwangua na pembeni. Epoksi iliyokosewa kipimo haitakauka hata ukiisubiri wiki; ifute yote kwa spiriti mapema. Joto letu linaharakisha, kwa hiyo ile iliyoandikwa dakika tano inaweza kuanza kuvuta nyuzi kabla hujamaliza chambo cha tatu. Changanya kidogo kidogo. Na ugumu wa mwanzo usikudanganye: nguvu yake kamili huja baada ya takriban saa 24, na chambo kilichofungwa alfajiri hakifai kwenda baharini asubuhi ileile. Kizungushe mara kwa mara mpaka epoksi isimame, la sivyo yote itaning'inia upande mmoja. Baadhi ya epoksi huacha utando wa mafuta juu siku za unyevu mwingi. Huo unaoshwa kwa maji na sabuni.

Kama ni jeli ya kucha, ile inayokaushwa kwa taa kwenye saluni, kunata kwa juu ni kawaida yake. Hewa ya oksijeni huzuia uso wake usishike kabisa, hata ndani kukiwa kumeshakuwa kugumu. Futa kwa spiriti. Ikiwa laini mpaka ndani, basi mwanga haukufika: tabaka ni nene, au umetumia jeli yenye rangi nzito, au taa haitoi mwanga inaoutaka jeli hiyo. Jeli isiyo na rangi, tabaka jembamba, mara mbili. Jua la mchana la hapa kwetu pia linaikausha, na ndiyo maana hupaswi kuiacha wazi karibu na dirisha. Isikuguse mikononi ikiwa bichi. Kuna watu inawaletea mzio wa ngozi, na mzio huo ukishaanza hauondoki.

Rangi ya kucha inayonata baada ya siku nzima imepakwa nene. Uso umekauka ukafungia umajimaji ndani. Hakuna njia ya mkato.

Gundi imekauka vizuri, kisha ikapasuka

Supagluu ikikauka ni ngumu lakini haipendi kipigo, na maji ya chumvi ya muda mrefu huidhoofisha. Rangi ya kucha nayo humeguka ndoana inapogonga ubavu wa boti. Kwa hiyo sipendi kuacha mojawapo peke yake kwenye chambo cha kurambaza. Supagluu iwe ndani, kwenye uzi, na nje kuwe na epoksi au jeli ya kucha ambayo inabeba mikwaruzo. Kwa ndoana za vibua hayo yote ni kujisumbua. Supagluu ndani na tabaka mbili za rangi ya kucha zinatosha, maana kibua hana meno ya kukata uzi, na ndoana zenyewe utazipoteza mwambani kabla vichwa havijachoka.

Epoksi kugeuka ya njano ni jua tu. Mshiko wake haujapungua.

Tundu la ndoana limeziba

Pitisha unyoya mmoja kwenye tundu mara tu baada ya kuweka gundi, uvute kwa pamoja na kilichomo. Ikiwa imeshakauka, tumia sindano iliyopashwa moto, dirisha likiwa wazi, na usivute moshi wake. Acha nafasi ndogo kati ya kichwa na tundu unapofunga, na tatizo hili utalisahau.

Uzi unainuka wenyewe baada ya miezi

Chambo hakijatumika, kiko kwenye boksi, na kichwa kimepasuka. Hiyo ni kutu. Maji ya chumvi yalipita kwenye ufa mdogo wa gundi, chuma kikaanza kuliwa, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilikotoka. Uzi unasukumwa kutoka chini. Gundi mpya juu ya kutu haina mahali pa kushika, hivyo chambo hicho kifunguliwe chote na ndoana itupwe. Vilivyobaki vioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila unaporudi, na vikauke kabisa kabla ya kurudi kwenye boksi. Chambo kimoja kibichi ndani ya boksi lililofungwa kinatosha kuanzisha kutu kwa vyote.

Supagluu imeganda chupani

Unyevu uleule unaoifanya ishike ndio unaoiua. Usinunue chupa kubwa kwa sababu ya bei. Nunua vidogo, ufungue kimoja kwa wakati. Kabla ya kufunika, simamisha chupa, igonge mezani ili gundi irudi chini, futa mdomo kwa karatasi. Usirudishe sindano yenye gundi ndani ya chupa. Weka chupa kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya chembe za silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Friji inasaidia sana kwa ambayo haijafunguliwa. Ukiitoa, iache ndani ya kopo mpaka ipoteze ubaridi. Ukiifungua ikiwa baridi, hewa ya Dar es Salaam itaacha maji kwenye mdomo wa chupa papo hapo, na utakuwa umeiharibu kwa kutaka kuitunza.

Na ikikunasa vidole, usivute. Loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, vichezeshe vidole taratibu, au tumia asetoni kidogo mahali pasipo na jeraha. Ikiingia machoni, suuza kwa maji mengi ya vuguvugu, usilifungue jicho kwa nguvu, nenda hospitali.